Gunia la Papa Wachanga Nimelirudisha

Voi,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako kakangu Shali,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote mnaolala nyumbani kwa mama. Sisi huku tuko salama. Fatuma alishikwa na malaria wiki mbili, lakini sasa anakula na kugombana na wenzake, kwa hivyo najua amepona. Mguu wa mama je? Ule uvimbe umepungua? Mwangalie kwa macho yako, usimuulize tu, maana atasema hajambo hata akiwa hawezi kusimama.

Kakangu, gunia ulilonitumia kwa treni linarudi kwako. Usimlaumu karani wa stesheni, hakukosea anwani. Nimelirudisha mimi. Nakueleza sababu mwenyewe, kabla hujaambiwa na watu kwamba dadako ameingiwa na wazimu wa bara.

Unajua tangu niolewe huku meza yangu sokoni ni ya papa mkavu. Wachimbaji madini wa Kishushe humnunua kwa sababu anakaa bila kuoza, na huko kwao magari ni ya kubahatisha. Watu wa milimani humpika kwa nazi. Mteja wangu mkubwa ni Mama Mghoi wa Mwanda, ambaye kila siku ya soko hushuka na kabichi akapanda na papa. Yeye ndiye aliyekuwapo nilipokata kamba ya gunia lako.

Papa wa kwanza niliyemtoa hakuzidi urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko. Nikadhani wadogo wamewekwa juu. Nikamwaga gunia zima kwenye turubai. Wote ni hao hao, na wengine alama ya kitovu haijaziba. Mama Mghoi alimshika mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza.

"Mama Fatuma, hawa ni watoto," akasema.

"Naona."

"Na mama zao wako wapi?"

Nikawarudisha guniani mmoja mmoja.

Jibu nililipata siku ya tatu, kutoka kwa wakala wa yule tajiri unayemvulia mapezi. Alikuwa safarini kwenda Nairobi, lori likamharibikia Miasenyi, akaja Voi kutafuta fundi. Alipopita sokoni akanitambua, akaketi kwenye kiti changu, akaagiza soda. Nikamuuliza wako wapi siku hizi papa wakubwa, wale pingusi wa kichwa kama nyundo waliokuwa wakibebwa na watu wanne. Akacheka.

"Wale wanakatwa mapezi huko huko majini, mama. Mwili unatupwa. Mashua itajazwa nyama ya nini? Kinachosafiri ng'ambo ni mapezi."

"Wanatupwa wakiwa wamekufa?"

"Wengine bado wanapiga mkia. Wanazama wenyewe."

"Na kakangu?"

"Shali? Huyo ndiye hodari wao! Na zile nyavu za nailoni tulizompa, hata kichanga hapenyi."

Alikuwa anakusifu, Shali. Alikusifu mbele ya wenzangu, nami nikatamani ardhi inifiche.

Sasa nisikilize. Baba Fatuma, kama ujuavyo, yuko kwenye genge linalotengeneza reli. Mara ngapi mwaka huu amerudi nyumbani akasukuma sahani, hataki kula. Wanapita na toroli, wanamkuta ndovu amelala karibu na reli, uso umepasuliwa kwa shoka, pembe zimekwenda, na mwili mzima, nyama ya kulisha kijiji, wameachiwa fisi. Hapa Voi sote tunawalaani watu hao. Mimi nimewalaani kwa mdomo wangu huu, nikiwa nimeketi mbele ya papa wako. Kumbe ndugu yangu wa tumbo moja anafanya yale yale, tofauti ni kwamba mnyama wake hana sauti na mzoga wake hauonekani.

Najua utakalosema. Utasema papa ana meno, anararua nyavu, nani atamlilia. Mimi simlilii. Nimekua kwa nyama ya papa, na kwa nyama ya papa nawalisha wanangu. Babetu aliua papa maisha yake yote. Lakini alimleta ufukoni mzima. Nyama tulikula na kuuza, na ini likatoa sifa, yale mafuta ya kupaka mashua. Unakumbuka siku ile alipompasua jike akakuta watoto bado wanapumua? Aliwabeba kwenye kapu, akaingia majini mpaka kiunoni, akawaachia. Wewe ulinuna, ulitaka wauzwe. Akakwambia, "Hawa tutawavua wakikua." Haya, niambie, watakulia wapi na wavu wako umeziba bahari?

Nilimwambia wakala siuzi wachanga wa nyavu zao.

"Usipouza wewe, nitamweka mwingine."

"Mweke. Soko si langu. Ila hiki kiti ni changu, inuka."

Akainuka, soda hajaimaliza. Siku hiyo hiyo nikalipakia gunia kwenye mkokoteni mpaka stesheni.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mepesi. Baba Fatuma aliniuliza, "Na mezani utaweka nini, mawe?" Mama Mghoi amenipa kabichi na maharagwe nimuuzie. Sijui kuuza kabichi, kakangu. Siku ya kwanza nusu yake zilininyaukia. Na wakala alitimiza neno lake, amemweka mwanamke hatua kumi kutoka kwangu, na wale wale wachanga. Watu wananunua. Ni rahisi, na watu wana njaa. Mteja wangu mmoja wa Kishushe alinipita akitazama viatu vyake.

Lakini wanawake wa Mwanda hawajanunua hata mmoja. Mama Mghoi aliwaeleza kwa Kidawida, mengine hayakunifikia, ila nilisikia walivyosonya. Na jana Baba Fatuma alikuja sokoni bila kuitwa, akanibebea magunia ya kabichi mpaka mezani.

Kwa hivyo usinitumie gunia jingine kama lile. Likija litarudi, hata yawe kumi. Ukivua papa mkubwa, ukamleta mzima na mapezi yake mwilini, meza yangu ipo. Na Idd nakuja. Nitasimama ufukoni mashua zikiingia, nikuulize mbele ya wavuvi wenzako, "Mwili uko wapi?" Usinikimbie. Ukitaka kukasirika, anza sasa, ili nikifika uwe umemaliza.

Nisalimie wifi Zuhura, najua barua atakusomea yeye, na hapa ameshaanza kucheka. Msalimie shangazi anayetia samaki chumvi, mwambie ugomvi wangu hauhusu chumvi yake. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Wala usiichane kabla mama hajasomewa. Na yeye nimemwandikia, maneno ni haya haya, na barua yake imetangulia.

Dadako nikupendaye na nisiyekuogopa,

Mwanaisha, Mama Fatuma