Kura ya Dada Yako

Birkat al Mauz, Nizwa

Mwanangu Shihab,

Shikamoo yako imefika, marahaba. "Aliyewapigia kura Republican si dada yangu tena," umeniandikia juu ya Tamima. Uongo! Kuhusu vyama vya Marekani utanishinda, ingawa nami nasoma habari kila siku. Kuhusu udugu hunishindi.

Huku ndizi zimeiva, na tangu uondoke kwenda huko Marekani sina wa kubishana naye mezani.

Sisi tumetoka Unguja, mwanangu. Zama za siasa watu walisusiana hata maziko. Babu yako Nabhan alikuwa wa chama cha Hizbu; Musabbah, nduguye wa mama mmoja, alikuwa Afro. Musabbah alipokufa, jeneza lilipita mbele ya baraza ya babu yako, naye hakuinuka. Vyama vyote viwili havipo tena. Babu yako yupo, na kila akisikia kuna maiti hapa mjini, huchukua bakora yake akaenda kuzika. Juzi alimzika fundi mmoja wa gereji za Firq.

"Baba, ulikuwa unamjua?" nikamuuliza.

"Simjui. Niliyemjua sikumzika."

Kisha akaomba chai.

Tamima anasema hukupokea simu alipokualika kwenye akika ya mwanawe Jumamosi. Hajaomba umsifu kwa kura yake. Basi nakuamuru, mimi shangazi yako: nenda. Mgombane huko mpaka wali upoe, ukipenda, lakini ugombane umempakata mtoto.

Akupendaye hata ukinuna,
Shangazi Khawla