Makosa mekundu kwenye kompyuta ya Salma

Ijumaa, jioni, Kihonda. Mvua imetishia tangu asubuhi na mpaka sasa haijanyesha. Milima imejifunika wingu hadi kiunoni, na huku chini joto limekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga.

Moyo wangu leo umejaa. Nisipoandika nitaenda kuwasumbua majirani, na majirani wameshanichoka.

Kwa aliyefika hapa leo: nina binti anaitwa Salma, mtoto wangu wa kwanza, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na kunifundisha kuchapa kwa simu. Mimi shule niliishia la saba kule Mkuyuni. Yeye kasoma mpaka chuo, na sasa anachora nyumba kwenye kompyuta. Si ile michoro ya mistari. Unaingia ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, unatembea sebuleni, unageukia jikoni, unaona na jua linavyopiga dirishani. Mara ya kwanza aliponionyesha nilitaka kuvua viatu.

Sisemi hivi kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Mwezi uliopita ofisi moja ya Dar ilimpigia simu, inamtaka. Akawajibu wampe muda kidogo, anataka kwanza ajaribu kusimama mwenyewe, hapahapa nyumbani. Siku hiyo nilimjazia nyama kwenye sahani mpaka akauliza kama kuna sikukuu. Na kweli kazi ikaja. Mzee mmoja anajenga nyumba ya wageni kwenye njia ya kupanda milimani, na kesho asubuhi anakuja hapa kwetu kuitembelea nyumba yake kwenye kioo cha kompyuta. Akiridhika, nyumba zake zinazofuata zote ni za Salma. Asiporidhika, Salma anapanda basi la Dar. Hatujakaa chini tukaliongea hilo, lakini wote wawili tunalijua.

Sasa nije kwenye kompyuta.

Kompyuta ya Salma kaiunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Haina ile kadi kubwa ya picha, kwa hiyo kazi yote ya kuonyesha picha inategemea memori. RAM wanaziita, ni vijiti viwili vyembamba vimesimama ndani ya kasha. Memori zikiwa nzito, nyumba inakwama. Unataka kuingia chumbani, unabaki umening'inia mlangoni. Basi Salma akazipandisha spidi, zikawa zinakimbia kuliko zilivyopangwa kiwandani. Akaniambia jambo hilo linafanyika, ila lazima uzipime kwanza, maana memori iliyokimbizwa kupita uwezo wake inaanza kusema uongo.

Kipimo chenyewe nimekielewa. Programu inazipa memori namba nyingi sana zizishike, halafu inazidai namba zilezile. Zikirudisha tofauti, mstari mwekundu unatokea kwenye kioo. Hata mmoja ni mbaya. "Mama, kosa moja hapa ndiyo kompyuta kuzima kesho mbele ya mteja," alisema.

Na wiki hii yote ilikuwa mistari myekundu.

Hapa lazima nimsifu, mtanisamehe. Mtoto wa watu wengine angepiga meza, angetukana. Salma alibadilisha kitu kimoja kimoja, kama mzazi anayetafuta ni mtoto gani kavunja kikombe. Kwanza akazirudisha memori kwenye spidi ya kiwandani, zikapita safi. Maana yake vijiti ni vizima. Akapandisha tena, mekundu. Akachomoa kijiti kimoja akapima kingine peke yake, kikapita. Akavibadilisha, cha pili nacho kikapita. Akavirudisha vyote viwili, mekundu. Akaviongezea umeme kidogo, kwa sababu anasema mara nyingi kinachokimbia sana huwa kinataka kula zaidi. Makosa yakaja haraka kuliko mwanzo. Hapo alishika kidevu, na mimi nikatoka nje kwa sababu sipendi kumwona hivyo.

Mimi nilisema ni umeme wetu huu unaopanda na kushuka. Akanionyesha kile kiboksi cha kutuliza umeme, kimetulia tuli.

Jirani yangu Mama Shukuru yeye alikuwa na jibu lake.

"Shoga, hayo ni macho ya watu," alisema. "Na watu hawakujua wenyewe, wewe umewatangazia. Mpaka muuza mkaa anajua Salma ana kompyuta!"

"Aliniuliza habari za nyumbani."

"Alikuuliza unataka gunia au debe!"

Nilimcheka, lakini nilipoingia ndani nikaogopa. Jana nimekaa siku nzima sijamsifu mtoto wangu kwa mtu yeyote. Muuza mkaa kapita, nikamwambia debe, basi. Ilipofika alasiri Mama Shukuru mwenyewe alikuja kuniuliza kama naumwa.

Haikusaidia. Mekundu yaleyale.

Mimi kompyuta sijui kuitengeneza, lakini kuna kitu najua kufanya, nacho ni kufuma. Nyumba hii haina kitu cha thamani kisicho na kitambaa. Makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, televisheni ina kitambaa chenye pindo la mawimbi ambacho watu wameniomba niwafumie kingine nikakataa. Sasa kompyuta ya mwanangu, inayotuweka mjini, ndiyo ikae uchi? Nilipoona kazi kubwa inakuja, nikanunua nyuzi nyeupe na za waridi, nikaifumia kitambaa chake. Kina ua kubwa katikati na mengine madogo pembeni, kinalala juu ya kasha na kushuka mbele mpaka karibu na kile kitufe cha kuwashia. Kila aliyekuja hapa nilimpeleka akione. Mama Shukuru kanyamaza mbele yake, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Salma alipokiona alinikumbatia. Akasema hajawahi kuona kompyuta imependeza vile.

Leo baada ya watu kurudi msikitini nilikuwa uani naanika nguo. Dirisha la chumba cha Salma linatazama kamba. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa naanika shuka, na shuka ilipokwisha kutandazwa nikamwona.

Alikuwa amekivua kitambaa. Amekikunja vizuri, kona kwa kona, amekilaza mapajani kama mtoto. Kwenye kioo kile kipimo kinakwenda, hakuna wekundu wowote. Simu ameiweka mezani imepaza sauti, anaongea na Neema, rafiki yake waliyesoma naye.

"RAM ziko fiti, Neema. Ni joto," alisema. "Zikianza zinapita, zikishachemka tu zinakosea. Ndiyo maana kila nikiziongezea umeme zinaharibu zaidi. Hewa ya moto inatokea juu ya kasha, na juu mama kafunika."

"Kafunika na nini?"

"Na kitambaa."

Neema alicheka mpaka simu ikatetema. "Si ukitoe!"

"Humjui mama yangu wewe. Kakifuma siku zote hizo na macho yake yale. Mtaa mzima umeletwa kukiona. Nitakitoaje?"

"Sasa kesho?"

"Nimezipunguza spidi. Zikiwa chini zinavumilia hata na kitambaa. Nyumba itakwamakwama kidogo pale kwenye ngazi. Mzee atavumilia."

"Na asipovumilia?"

Hapo mimi nikaangusha beseni.

Jamani. Nilimwona anavyoruka. Simu kaikata, kitambaa kakirudisha juu ya kasha upesi, halafu, hili ndilo lililonimaliza, akakisogeza kidogo ili lile ua kubwa litazame mlangoni. Ndivyo ninavyopenda mimi. Nilikuwa sijui kama anajua.

Nikaziokota nguo, nikazianika zote moja moja mpaka nikapata pumzi. Kisha nikaingia.

"Mama, vipi?" akaniuliza, anatabasamu.

"Vipi na wewe. Kompyuta imepona?"

"Iko sawa. Nimerekebisha."

Nikaenda moja kwa moja, nikakivua kitambaa. Niliweka kiganja changu juu ya yale matundu. Wallahi palikuwa kama kuweka mkono juu ya kikaango.

"Iko sawa na inaungua?"

Akainamisha kichwa. "Umesikia."

"Nimesikia mpaka Neema anavyocheka. Mwambie shikamoo yake siitaki wiki hii."

"Nilijua utajisikia vibaya, mama."

"Mimi? Mimi nimekuzaa wewe, umekaa matako mbele, mkunga anatafuta njia ya kukimbia. Leo kitambaa ndicho kinishinde?"

Akacheka. Halafu akalia. Halafu tukacheka wote, yeye kaniegemea begani na kichwa chake kizito kama zamani. Nikamwambia azirudishe memori zake kwenye spidi anayoitaka, yote, asibakize. Akaniuliza mara mbili kama sina neno. Nikamwambia kitambaa nitakipeleka kwenye meza ya kioo, kompyuta ipumue.

Basi akazipandisha. Akawasha kipimo. Tukakaa wote wawili tunatazama, yeye kwenye kiti, mimi kitandani kwake, tunakula karanga. Nilitaka kumsimulia mambo nikashindwa. Kila namba ikisogea nashika pumzi. Tulipofika pale ambapo siku zote mekundu huanza, Salma alinishika mkono bila kuniangalia.

Pakapita.

Akaniambia tusifurahi mapema, ikichemka zaidi bado inaweza kukosea. Tukasubiri. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikaswali nikarudi, bado safi. Akaigusa juu, akasema vuguvugu tu. Akaiacha iende mpaka mwisho kabisa, na mwisho ulipofika kilitokea kistari cha kijani. Nyekundu, hakuna. Kisha akafungua ile nyumba ya mzee akanitembeza. Tulipanda ngazi bila kukwama popote, tukatoka roshani, tukaiona milima. Kaiweka na milima! Wingu nalo kaliweka.

Nilitoka uani nikapiga kigelegele. Mama Shukuru akachomoza kichwa ukutani, anauliza nani kachumbiwa.

"Memori!" nikamwambia.

Akarudi ndani. Nadhani alijua sasa nimepona.

Sasa hivi Salma anapiga pasi gauni la kesho, namsikia anaimba huko ndani. Ningepaswa kuwa nafurahi tu. Kesho sina wasiwasi nayo. Mzee atakuja, atapanda ngazi zake, ataridhika, na mimi nitamkaribisha chai ya tangawizi na kumweleza Salma alikuwa wa ngapi darasani, akitaka asitake.

Lakini kuna kitu kimenikaa kifuani tangu pale dirishani, na kwa kuwa hapa nimezoea kusema ukweli, nakisema.

Mtoto huyu alikuwa tayari kesho akwame mbele ya mteja wake, apoteze kazi aliyoihangaikia, kuliko kuniambia mimi neno moja dogo. Na angefanya hivyo huku anatabasamu. Mimi nisingejua kitu. Ningekaa pale pembeni nakisifia kitambaa changu.

Sasa ile ofisi ya Dar. Alipowaambia wampe muda, anataka kujaribu hapa nyumbani, nilimwamini papo hapo kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nalitaka. Sikumuuliza hata swali moja. Nilimpa nyama.

Je, ni yeye anayetaka kubaki? Au ananihurumia mimi, kama leo?

Sijui. Na asiyejua ni mimi ninayejigamba mtaa mzima kwamba namjua mwanangu kama kiganja changu.

Nimeamua. Kesho mzee akishaondoka, vyombo vya chai nitaviacha palepale mezani, nitamwambia Salma akae. Nitamuuliza: mwanangu, mimi niweke pembeni kabisa, wewe unataka nini? Akisema hapa, alhamdulillahi. Akisema Dar, nitamwambia Dar si mbali, watu wanaenda na kurudi siku hiyohiyo. Na lazima niliseme hilo nisibadilike uso hata kidogo, maana akiona tu nimebadilika, atanidanganya tena kwa mapenzi.

Nimejaribu kuuliza mbele ya kioo cha kabati. Mara ya kwanza nililia pale kwenye "mwanangu". Mara ya pili nilifika mpaka "Dar si mbali".

Bado anapiga pasi. Ngoja nijaribu tena.