Gramu Sabini na Tatu

Shangani, Mtwara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Baridi ya Njombe inawaacheni salama? Kifua cha Baba kimetulia? Mimi ni mzima, ila joto la huku limenifundisha kulala bila shuka. Baba mdogo na mama mdogo wanawasalimu.

Uliponiuliza kwenye simu kama kweli nafundisha, nilijibu "ndiyo" tu, maana mama mdogo alikuwa karibu nikaona haya. Kwenye karatasi naweza kusema zaidi.

Shule ya jirani haina mwalimu wa kemia, ndiyo maana Mkuu wa Shule alinikubalia nijitolee wakati nasubiri chuo. Lakini alinipa wiki moja. Ijumaa angekaa darasani mwenyewe, na akiona kidato cha tatu hawanielewi, basi, nirudi nyumbani. Na kweli, siku za kwanza nilikuwa naongea na ubao. Mwanahawa, mwanafunzi mmoja mcheshi, akasema, "Mwalimu, tugeukie na sisi. Ubao umeshaelewa!"

Tulikuwa tunajifunza kukokotoa: ukijua uzito wa kitu kabla hakijachomwa, unaweza kujua kitakachobaki. Nilichukua mfano wa makombe ya baharini, kwa sababu huku wanayachoma kupata chokaa ya kupaka nyumba. Gramu mia za makombe, moto ukishatoa hewa iliyomo, zinabaki hamsini na sita.

Mwanahawa akacheka. "Bibi yangu kule Mikindani anachoma chokaa tangu mama hajazaliwa, na hajawahi kushika kalamu."

"Basi mpelekee hizi," nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikampimia gramu mia kwenye mizani ya maabara, bibi azichome kwenye chungu cha pekee, zisichanganyike na zake.

Ijumaa Mkuu alikaa nyuma na daftari. Mwanahawa akafungua kitambaa, akamimina unga mweupe kwenye mizani. Sabini na tatu.

Darasa likalipuka. "Hesabu imekufa, tuizike!" "Poleni wafiwa!" Mkuu akaandika kitu. Mama, miguu yangu ilitaka mlango. Lakini macho yalibaki kwenye ule unga. Kombe likichomwa hubaki kipande. Nani aliyasaga?

"Mwanahawa, nieleze alichofanya bibi. Usiruke kitu."

"Alichoma kutwa nzima. Akaepua, akanyunyizia maji, yakachemka yenyewe, makombe yakafumuka yakawa unga. Akauanika mpaka ukakauka."

"Maji! Mbona hukusema?"

"Ee Mwalimu! Kabla ya maji si chokaa, ni mawe ya moto tu. Utapaka ukuta mawe?"

Nikaligeukia darasa. Nikauliza, maji yaliyonaswa humo yana uzito gani? Kalamu zikaanza kukwaruza. Kisha mwanafunzi aliyekaa dirishani akapaza sauti: "Kumi na nane! Ukijumlisha na hamsini na sita, sabini na nne!"

"Na hiyo gramu moja iko wapi?" Aliyeuliza ni Mkuu mwenyewe, ameshasogea mpaka kwenye mizani. Mwanahawa akakung'uta kitambaa, vumbi jeupe likamwangukia Mkuu kwenye viatu. Alicheka kabla yetu.

Kengele ilipolia akaniambia, "Jumatatu uendelee na kidato cha tatu. Ila pandisha sauti, binti. Kule nyuma nilisikia nusu."

Jana nilikwenda kumshukuru yule bibi. Nikamuuliza anajuaje kwamba makombe yameiva. Akaniwekea moja mkononi: "Likiwa zito, bado bichi." Nimelala nikiwaza matofali yetu. Mwambie Baba, akiwasha tanuri, atie alama tofali moja kavu, alipime kwenye mizani ya mahindi kabla na baada ya kulichoma, aniambie. Mimi nadhani litapungua, lakini sina hakika kwa kiasi gani, na wanafunzi wangu wameshaanza kubishana.

Nisalimie bibi mzaa baba, kaka Festo na mkewe, na mdogo wangu Neema.

Ni mimi binti yako, niliyebaki Mtwara,
Tumaini