Maziwa ya Kufungua Barabara

Jumanne, 17 Aprili 2007
Nimefua nepi za Nasimiyu tena. Hazikauki. Bungoma mvua kila siku, na kamba ya Senge ni fupi. Senge ni dada ya baba yangu, ndiye ametuweka tangu tushuke kutoka mlimani. Simu ya bwana yangu Wafula bado imezima. Amebaki huko juu ya Kapsokwony na mama yake. Mguu wa mama umevimba, hawezi ule mteremko. Mimi na mtoto tulipita kabla vijana wa msituni, wale Wasabaoti wa bunduki wanaopigania mashamba, hawajafunga barabara. Sasa ukipita wanakusimamisha. Wengine hawaonekani tena.
Namuombea bwana yangu. Nina hasira na yeye pia. Si angembeba tu mama yake mgongoni?

Jumatano, 18 Aprili
Wamama wa kanisa wamekuja kwa Senge. Wamesema wazee wetu wanaongea na wazee wa Wasabaoti waliokimbilia Kitale. Ati karibu wamalize. Barabara ifunguliwe siku tatu, mwenye kushuka ashuke, asiguswe mtu. Wale wazee wako na njia ya kufikisha neno msituni. Lakini neno tupu halitoshi, wanataka lifungwe kama zamani. Mama wa huku na mama wa kule wabadilishane watoto, kila mmoja anyonyeshe wa mwenzake. Ati ukishanyonyesha mtoto wa mtu, watu wako hawawezi kumuua baba yake.
Wanatafuta mama mwenye mtoto mchanga, ambaye bwana yake yuko huko juu.
Wote wakaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria.

Alhamisi, 19 Aprili
Kliniki, sindano ya mtoto. Nikamuuliza sista hiyo maneno, kama hadithi tu ya jirani. Akaweka kalamu chini. "Wewe mama, unataka kuua mtoto? Titi la mtu, na hujui damu yake iko na virusi ama haina? Usithubutu."
Nikamwambia Senge. Senge akasema, "Na huyo sista, bwana yake analala wapi? Si kwake kitandani!"
Sista ako sawa. Senge pia ako sawa. Na mtoto ni mmoja.
Nasimiyu amecheka kwa sauti leo. Mara ya kwanza. Baba yake hakusikia.

Ijumaa, 20 Aprili
Asubuhi nilikubali. Saa sita nikakataa.
Jioni jirani yetu wa mlimani amefika, amepitia mashambani, miguu imechanika. Amesema nyumba za upande wetu zimechomwa. Zote? Hajui. Wafula je? Hajamwona. Ananijibu huku anaangalia mlango.
Nimekubali.

Jumamosi, 21 Aprili
Kitale. Tulikuja na pikapu ya kanisa.
Sielewi nilichofanya, wacha niandike vile ilikuwa.
Wazee walilaza fimbo zao chini, mstari mmoja, wetu huku, wao kule. Wanaume wakageuka wakatupa mgongo. Mama wa upande wao ni msichana kama mimi, anaitwa Chemutai. Amekonda. Tukakaa chini na fimbo katikati, tukabadilishana watoto, bibi wazee wakatufunika na shuka moja.
Chini ya shuka nikamuuliza, "Umepimwa?" Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.
"Nimepimwa. Niko sawa. Na wewe?"
"Mimi pia. Lakini huna cheti hapa."
"Wewe unacho?"
Tukacheka, ile cheko ya uoga. Bibi mmoja huko nje akauliza, "Nyinyi, mnanyonyesha ama mnapiga domo?"
Chemutai akanong'ona, "Dada, mimi hata maziwa sina. Tangu tukimbie yamekauka. Nikimpa wako atalia, wote watajua."
Nikasema basi, tuwashike tu, tusiwape.
Lakini mvulana wake alikuwa ameshanipata. Alivuta kama ndama. Nilitaka kumtoa, mkono ukakataa. Huyo mtoto alikuwa na njaa, bana. Chemutai akamlaza Nasimiyu kifuani, mdomo mbali na titi. Hakumpa.
Nikamuuliza bwana yake yuko wapi.
"Juu."
"Juu wapi?"
"Juu tu."
Msituni na bunduki, ama kaburini, sijui. Alikuwa analia bila sauti.
Shuka ikatolewa. Vigelegele, wazee wakasalimiana. Wamesema barabara inafunguka Jumatatu hadi Jumatano.
Kwa hivyo mimi nimenyonyesha wao. Wao hawajanyonyesha wetu. Hiyo ni amani ama ni nusu? Nani nitamuuliza?

Jumatatu, 23 Aprili
Barabara imefunguka kweli! Nimesimama stendi tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Watu wanashuka na kuku, magodoro, mzee mmoja na redio peke yake. Wanasema vijana wako kando ya barabara na bunduki, wanaangalia tu.
Wafula hakuja.

Jumanne, 24 Aprili
Hakuja.
Ni hiyo nusu. Najua ni hiyo.

Jumatano, 25 Aprili
Siku ya mwisho. Senge alisema twende nyumbani, nikakataa, akanunua mahindi ya kuchoma tukakaa.
Saa kumi nikaona wilibaro. Ndani mama mkwe, amekaa kama bibi harusi, mwavuli juu. Nyuma Wafula, mikono imetoka malengelenge. Nilitaka kumpiga. Nikampa mtoto.
Mama mkwe akaniambia, "Unaangalia nini? Lete maji, huyu bwana yako hajui kuendesha."

Jumamosi, 28 Aprili
Risasi zimeanza tena jana, tumeambiwa. Barabara imefungwa. Mama mkwe anashangaa. Ati amani ya maziwa haivunjiki, labda hawa wasichana wa siku hizi hawakufanya vizuri. Nikakunja nepi. Wafula ameshuka, yuko hapa, anakoroma mchana. Wengine wamebaki. Kama ni kwa sababu ya ile nusu yangu, sijui.
Mvua imepumzika. Nasimiyu ameshiba, amelala kando ya baba yake, na titi moja bado limejaa linauma. Nafikiria yule mvulana wa Chemutai. Leo amenyonya nini.