Mdogo Wetu Amezidiwa

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Mimi bado nashona, na Jumatano mchana najitolea kupika chai kwenye kituo kilicho nyuma ya zahanati. Pale mtu aliyezidiwa na mawazo huingia bila miadi, akasikilizwa.

Wiki mbili zilizopita aliingia mdogo wetu, fundi saa. Nikadhani kanifuata mimi.

"Nani kakwambia niko hapa?"

Akaduwaa kama mtu aliyefumaniwa. "Sikujua, dada. Nimekuja kwa shida yangu."

Nikamkabidhi kwa mshauri. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akaniambia mwenyewe kwamba mwezi huu ametaka kujiua mara mbili. Kaka, tunalala ukuta kwa ukuta, na kila asubuhi hunitania kwamba nakoroma!

Bado anakwenda kituoni, ingawa siku nyingine hukaa tu bila kusema neno. Jana nilimwomba ruhusa nikuandikie. Akasema, "Mwandikie. Ila asinipigie simu kunihubiria."

Basi mpigie, umsikilize tu. Hata akinyamaza, tafadhali usikate simu.

Ni mimi, dada yenu wa katikati.