Kamshafti Uliyoipakata Kutoka Lilongwe

Mpendwa Mama Furaha,

Leo asubuhi mama yako amenishangaza. Nimesimama mlangoni na kikombe cha chai hadi chai ikapoa, na kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angeelewa kwa nini, nakuandikia wewe. Najua barua haifiki huko uliko. Nitaisoma kwa sauti karibu na mashini yako ya kushona, labda itatosha.

Unalikumbuka lori la Mzee Salvatori, yule jirani yetu Mrundi aliyelipenda kuliko kofia yake. Vita vya kwetu Kongo vilikuwa vimewaka kwa mara ya pili, Uvira haikaliki, nasi tulikuwa tumeshatangulia hapa Malawi, kambini Dzaleka. Mama yako alivuka ziwa na majirani, akapita Tanzania, akafika Karonga, huku kaskazini mwa Malawi, na hapo miguu ikagoma. Mtu aliyetoka huko alituambia amemwona kwenye baraza ya kanisa, miguu imevimba, anamuuliza kila mpita njia kama anamjua binti yake anayeshona nguo. Tangu siku ile ulikuwa unashona bila kuimba.

Salvatori alikubali kwenda Karonga kuchukua mchele na kurudi na mama. Shida ilikuwa mlima wa Chiweta. Lori lake likiwa tupu lilipanda kwa kukohoa, na likiwa na mzigo lingerudi kinyumenyume hadi ziwani. Nikafungua injini, nikakuta kamshafti imelika. Uliponiuliza hiyo ni nini, nilikueleza kwamba ni chuma kirefu chenye vinundu, ndizo kamu, kikizunguka vinundu vinainua valvu, na injini inavuta hewa na kutoa moshi. Kinundu kikilika, valvu haifunguki vizuri, na injini inahema kama mtu mwenye mafua.

Ulichukua bisibisi, ukafungua ubavu wa mashini yako, ukazungusha gurudumu taratibu, ukanionyesha kinundu kidogo kinachoinua kile kimkono cha uzi.

"Njo hii?"

"Njo hiyo," nikasema.

Miaka yote nililala chumba kimoja na kinundu kile, mimi ninayejiita fundi, sikuwahi kukiona. Nilicheka sana, lakini mwenzangu, nilikuwa nimestaajabu kweli. Nilikuona kama mgeni aliyeingia nyumbani kwangu kumbe anaijua nyumba kuliko mimi.

Basi tukaenda Lilongwe pamoja, wewe ukisema unataka nyuzi tu. Yule fundi wa mtaa wa Area 25 anayechonga upya kamshafti alitutandikia mbili juu ya gunia. Moja ilikuwa na vinundu virefu na vinene, ya kuipa injini mbio. Mate yalinidondoka. Nilishaliona lori la Salvatori likipita barabara ya Dowa kama upepo, na watu wakiniita majina. Ya pili vinundu vyake vilizidi vya zamani kidogo tu, na havikuwa vinene, kwa hiyo valvu ingefunguka zaidi lakini ifunge mapema. Wewe ulipitisha kidole juu ya kila kinundu, kama unavyopapasa kitambaa kutafuta uzi uliokatika.

"Kwa mulima lori inaendaka mbio ao polepole?" ukaniuliza.

"Polepole."

"Sasa we unataka ya mbio ya kufanya nini? Mama yangu haiko anashindana na mutu."

Ukweli ni kwamba ulisema kwa maneno machache kile ambacho ningekizungusha mchana kutwa. Valvu inayochelewa kufunga inafaa injini inayozunguka kwa kasi. Injini inayopanda mlima polepole na magunia mgongoni inataka kubana hewa yake vizuri na kusukuma. Tukachukua ile ya pili, pamoja na vikombe vipya vinavyokanyagwa na vinundu, maana vya zamani vingeila. Uliizungushia kitenge ili isigongwe, ukaipakata njia nzima. Tuliposhuka, kijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, akakupokea, akakusalimu kwa Kichewa, "zikomo, mayi," akauliza mbona mtoto halii.

"Atalia kesho," ukamwambia. "Ukikuja utamusikia."

Kesho yake nikaanza kazi. Nilipaka vinundu mafuta mazito, nikaiingiza polepole kwa mikono miwili, nikarudisha kila kitu, na nozo zinazopulizia dizeli nikaziacha nje kwanza, ili stata iizungushe injini kwa wepesi na mafuta yapande kabla ya kuiwasha. Gia ya kamshafti na gia ya krankshafti, chuma kinachozungushwa na pistoni, lazima zikutane kwenye alama zake, la sivyo valvu zinafunguka wakati pistoni inapanda, na hapo chuma kinagonga chuma. Kwenye gia iliyokuja na kamshafti kutoka Lilongwe nikaona alama ya patasi. Sisi wa Uvira ndivyo tulivyofundishwa: nukta ya kiwandani inafichwa na masizi, kwa hiyo fundi anaikatia patasi juu yake ili anayekuja asihangaike. Nilipoiona moyo ulitulia, kama nimekuta salamu kutoka nyumbani. Nikaifuata, nikafunga, nikamwita Salvatori apige stata.

Ukaja ukifuta mikono kwenye kitenge. "Mbele ya kupiga, zungusha kwanza na mukono."

Salvatori akakwambia, "Mama Furaha, hii si mashini ya kushona."

"Iko na kamu. Ni mashini." Ukamgeukia yeye kabisa. "Mi nikibadilisha sindano sikanyagi. Nazungusha kwanza na mukono. Kama si sawa, inaniambia mbele ya kuvunjika."

Nilikupa spana ndefu ili nikuridhishe tu. Uliiweka kwenye nati ya mbele ukaanza kuvuta. Injini ikazunguka, ikazunguka, halafu ukasimama.

"Imegusa."

Nikasema ni mpya, imekaza tu. Ukatikisa kichwa. "Kitu inakaza, inakaza polepole. Hii imegonga." Nami nikashika spana, nikavuta, nikausikia mgongano: mdogo, mgumu, kama kucha kwenye bakuli la bati. Tulifungua kifuniko, nikasugua gia kwa kitambaa chenye dizeli, na pale, mbali na alama ya patasi, ikatokea nukta ya kiwandani. Kumbe aliyeitoa gia ile huku Lilongwe alikata patasi kuonyesha upande wa mbele tu. Hakuwa mtu wa Uvira, hakuwa na neno lolote la kuniambia. Kama tungepiga stata, valvu zote zingepinda, pistoni zingepasuka, na mama angebaki kwenye ile baraza.

Nilipanga upya kwa nukta. Ukazungusha tena, ikapita. Nikarudisha nozo, Salvatori akapiga stata, nikaishikilia isipunguze mbio kwa kitambo ili vinundu na vikombe vizoeane, na injini ikaunguruma hadi mabati ya jirani yakatetemeka. Yule kijana wa kabaza alikuja kweli. Ulimwambia, "Si nilikuambia?" Halafu ukaenda kukaa nyuma ya nyumba, ukalia peke yako. Nilikuona, sikukufuata.

Sikuwahi kukusimulia vizuri safari ya kurudi, maana tulipofika hukutaka kusikia habari za lori, ulitaka mama tu. Mama alikaa mbele na Salvatori. Mimi nilipanda juu ya magunia ya mchele, maana mkwe na mama mkwe hawabanani bega kwa bega, hata vitani. Chiweta ilianza, kona juu ya kona, ziwa likazidi kushuka chini yetu, jeupe, kubwa, halina mwisho. Lori lilipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda shambani, bila kukohoa hata mara moja. Nilivua kofia. Nilikuwa namwomba Mungu na kumshukuru kwa wakati mmoja, na katikati ya maombi nilikuwa nakuona wewe umeshika spana.

Sasa huu ni msimu wa tatu wa mahindi tangu tukulaze. Mashini yako tuliifunika, hakuna aliyethubutu kuigusa. Leo mama yako ameifunua ili amshonee Furaha sare. Akaweka sindano mpya. Kabla ya kukanyaga, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akalizungusha taratibu, kichwa ameinamisha.

Nikamuuliza kutoka mlangoni, kwa adabu, "Mama, nani alikufundisha kuzungusha kwanza na mukono?"

"Kunifundisha mi?" Akacheka. "Njo mi nilimufundisha, akiwa mutoto, kule Fizi. Alikuwa anavunja sindano yangu yote. Namuambia, sikiliza kwanza na mukono. Anakanyaga tu. Mutoto kichwa ngumu."

Nikamsimulia habari ya spana, tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa hajui. Alitazama kile kiganja chake muda mrefu, pale kwenye gurudumu.

"Kumbe alinisikia," akasema.

Halafu akakanyaga. Nakuacha hapa, Mama Furaha, usikilize mama anavyoshona. Pumzika.

Mume wako,
Papa Furaha