Nilijisingizia presha ili binti yangu daktari arudi mjini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ila kwanza ujue unaandikiwa na mama wa daktari, tena daktari kamili, mtaa mzima wananiita Mama Daktari mpaka muuza mkaa, mimi shule sikufika mbali lakini huyu binti nimemsomesha kwa cherehani hadi mgongo ukapinda, sasa alipomaliza wakampangia kituo cha afya huko mbali, siku mbili njiani, daktari peke yake, na mimi nilitaka awe hospitali kubwa hapa mjini mashoga zangu wamwone, basi nikampigia nikamwambia presha inanisumbua, naanguka hovyo, sina wa kuniangalia, mtoto akalia, akaomba uhamisho, wakamkubalia, Ijumaa anaondoka kule. Nilikuwa nashangilia mpaka juzi mkunga wa kituoni akanipigia. "Pole kwa kuumwa, mama. Tumemsihi daktari abaki, amesema hana mama mwingine. Wiki hii amewapasua wajawazito watatu, wote wazima na watoto wao. Akiondoka, atakayekwama uchungu tutampakia kwenye pikipiki tu." Na binti anasema akifika atanipima mwenyewe! Nikae kimya au niseme? Nikisema si atanichukia?

Mama Daktari

Mama yangu, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote. Hongera kwa kulea binti wa namna hiyo, lakini ulichomfanyia ni kibaya, sikufichi. Umemdanganya mtu ambaye kazi yake ni kumwamini anayesema anaumwa. Unaogopa kuchukiwa? Ogopa yule mjamzito wa kwenye pikipiki.

Usisubiri kupimwa. Weka gazeti chini, shika simu, wala usianze kuzunguka zunguka na "unajua mwanangu." Mwambie: "Siumwi. Nilidanganya. Nisamehe." Akikata, mpigie tena. Kurudi au kubaki aamue yeye, ila aamue akiujua ukweli.

Na akikwambia amechoka kufanya kazi peke yake, usimkatize. Ana haki. Kama una nguvu ya kuhangaikia uhamisho, hiyo nguvu peleka ofisi za afya, ukadai kituo kile kiongezewe daktari wa pili. Rudi kila wiki mpaka wakujue kwa sauti.

Leo ni Jumatano. Piga sasa, kabla hajakabidhi funguo za chumba cha upasuaji.